MABAWA YA NJIWA NA MCHEZO WA TELEVISHENI

Masomo: Zaburi 55, Mathayo 4:1-11, Isaya 40:28-31



Neno la leo ni zito. Linahusu mama mmoja mzee, linahusu sinema, na linahusu Zaburi. Naomba kila mmoja alisome mpaka mwisho kabla hajafungua kinywa. Mwenye kujua kusoma amsomee jirani asiyejua.

Wengi wenu mnamjua mama huyo. Jina lake silitaji. Alitoka upande wa Masisi kwa miguu pamoja na wajukuu wawili, vita vilipomtoa kwake. Mume amezikwa kule, na mwana wake hajulikani alipo. Tulimpokea, akapewa kibanda nyuma ya kanisa. Analima shamba la watu kwa kupewa mihogo, na jioni anasali kwa sauti, maana masikio yake yamekuwa mazito na hajui kwamba anasikika mbali.

Jumatano moja, katika kusanyiko la mama, niliwafundisha Zaburi ya 55. Ni wimbo wa mtu anayetamani mabawa kama ya njiwa ili aruke, aende mbali, apate kupumzika. Mama huyo aliushika moyoni. Tangu siku ile, kila usiku aliyafanya maneno ya Zaburi kuwa maombi yake. Alimwambia Mungu kwamba angekuwa na mabawa angeruka usiku huo huo, afike kwake, aone kaburi la mume wake, kisha arudi kwa wajukuu kabla ya kupambazuka. Watu waliopita njiani walimsikia.

Jumamosi iliyofuata, kijana wa kwetu aliye na ubao wa sola na televisheni alionyesha mchezo mmoja kwa franka mia tano kwa mtu. Mchezo ule ni wa aina ile ya Kinshasa inayoitwa maboke, ambayo tangu miaka mingi televisheni za kule zinaipenda: kuna nyumba yenye shida, kuna mchawi ndani ya nyumba, kuna mchungaji, na mwisho mchawi anaungama. Mimi pia nilikaa nikatazama. Sehemu ya siku ile ilianza na mchungaji wa mchezo akiisoma Zaburi ya 55. Kisha wakaonyesha mama mzee analala juu ya mkeka, mwili unabaki, na yeye anaota mabawa, anapita juu ya mabati ya mji, anaingia chumba cha mtoto, na asubuhi mtoto hawezi kuamka. Watu walipiga kelele. Mimi nilicheka, nikaenda kulala.

Siku ya nne mtoto wa jirani yetu akafa kwa homa. Na kabla ya kilio kwisha, neno lilikuwa limekwisha kuzunguka: "Yule mama alisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anataka kuruka usiku." Usiku ule vijana wakaja na mapanga na kidumu cha petroli. Vijana watatu kati yao wanaimba katika kwaya yetu. Bwana ashukuriwe, mama wa kanisa walisikia mapema, wakamzunguka yule mama mpaka tukafika. Sasa analala katika nyumba yangu na wajukuu wake. Siku ya Mungu ijayo, baada ya ibada, baraza la wazee litakaa. Wengine wanadai afukuzwe. Wengine wanadai zaidi ya hapo. Ndiyo sababu naandika.

NENO LA KWANZA: WIMBO WA DAUDI SI WIMBO WA WACHAWI

Fungueni Zaburi ile muisome yote, msiishie kwenye mabawa. Kwa nini mwimbaji alitamani kuruka? Alikuwa amechoka. Moyo wake ulitetemeka, hofu ya mauti ilimwangukia. Anasema kwamba jeuri inazunguka juu ya kuta za mji mchana na usiku, na katika njia za soko udanganyifu hauondoki. Kisha anataja jeraha kubwa kupita yote: aliyemwumiza hakuwa adui. Angekuwa adui, angemvumilia. Alikuwa rafiki yake, mtu waliyekula naye siri, waliyetembea pamoja kwenda nyumbani mwa Mungu.

Ndugu zangu, ni nani hapa anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo? Tarehe 20 Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale. Soko ni mahali pa chumvi, ndizi na samaki, mahali mama wa makabila mbalimbali walikuwa wakiulizana habari za watoto. Kutoka Ntoto moto ule uliingia Masisi, maelfu wakafa, na watu wengi sana wakaacha nyumba. Waliouana walikuwa majirani. Wengine walikuwa wamebatizwa siku moja. Tangu mwaka ule, ni mara ngapi tumefunga mizigo? Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita viliingia Masisi-centre, kisha Goma, hata uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwezi wa tatu vikafika Walikale-centre. Mama anabeba mtoto mgongoni na chungu kichwani, anaingia msituni. Njiwa anapita juu, hakuna anayemwuliza karatasi kwenye kizuizi. Nani hajamwonea njiwa wivu?

Basi kutamani mabawa ni kilio cha mtu aliyeumizwa. Mungu aliruhusu kilio hicho kiandikwe katika Kitabu chake ili mama asiyejua kuandika apate maneno ya kulilia. Yule mama hakuungama uchawi. Alisali Zaburi. Alisali kile mimi mchungaji wake nilimfundisha. Kama kusali Zaburi 55 ni uchawi, mchawi wa kwanza ni Daudi, wa pili ni mimi, na mapanga yaanzie kwangu.

Hata mbali na kwetu watu wameimba habari za kuruka. Kulikuwa na kijana jina lake John Gillespie Magee, aliyezaliwa mwaka 1922 Shanghai, huko China, mwana wa wamisionari. Alikuwa rubani wa vita. Mwaka 1941 aliandika shairi liitwalo "High Flight" juu ya furaha ya kupanda angani na kumkaribia Mungu, akawatumia wazazi wake. Tarehe 11 Desemba mwaka ule ule ndege yake iligongana na nyingine katika anga ya Uingereza, akafa akiwa na miaka 19. Televisheni nyingi za Marekani zilikuwa zikilisoma shairi lile usiku kabla ya kufunga matangazo. Rais wao alilikumbuka mwaka 1986, chombo cha anga kilipolipuka na watu saba wakafa. Kijana yule aliimba kuruka, na watu wakasema ni sala nzuri. Mama yetu ameimba kuruka, na watu wakaleta petroli. Tofauti ni nini, isipokuwa kwamba mama yetu ni maskini, ni mjane, na ni mgeni?

NENO LA PILI: SHETANI NAYE ANAJUA ZABURI

Vijana wananiambia: "Lakini Baba mchungaji, mchezo ule ulianza na Biblia. Mchungaji ndani yake alisoma Zaburi." Ndiyo. Nami nawauliza: ni nani katika Injili alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, kisha akamtolea Zaburi kuwa ushahidi kwamba malaika watamdaka? Someni Mathayo 4. Ilikuwa Zaburi ya 91, na msomaji alikuwa Ibilisi. Hakubadili maneno mengi. Aliyatoa tu mahali pake, akayatia katika mchezo wake.

Na Yesu, ambaye pepo na bahari vilimtii, alikataa kuruka. Angeweza. Watu wote wa Yerusalemu wangemtazama, wangepiga makofi kama mlivyopiga Jumamosi. Akateremka kwa miguu, akaenda Galilaya kutafuta wavuvi na wagonjwa.

Sisemi kila mchezo wa televisheni ni wa Shetani. Kuna michezo inayofundisha ndoa, inayoonya walevi na wezi. Wala sisemi kwamba hakuna roho mbaya. Sisi ni Kanisa la kinabii, tunajua giza lipo, na tunajua jina linaloliondoa. Lakini fikirini mchezo unavyotengenezwa. Mtu anaandika maneno. Mama mzee wa mchezo ni mwigizaji, amepewa kitenge cha zamani na unga usoni. Wanamchukua picha amelala, wanachukua picha ya mabati peke yake, kisha mashine inaunganisha. Mtoto wa mchezo hakufa. Walipomaliza aliamka akala. Sasa sisi tumechukua mama wa kweli na mtoto aliyekufa kweli, tukawatia ndani ya hadithi ya watu wasiotujua. Waigizaji wako Kinshasa, wanakula na kulala. Petroli iko hapa.

Na juu ya mtoto yule, wazazi wake wanisamehe, nawapenda na nimelia nao. Mtoto alikuwa na homa siku nne. Njia ya kituo cha afya ni ndefu, dawa ni pesa, na usiku wa pili kulisikika risasi upande ule. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini kama tunatafuta aliyeruka usiku akaingia chumba cha mtoto akanywa damu yake, tunamjua. Ni mbu. Ana mabawa, anaruka giza likiingia, na ameua watoto wengi Walikale. Hakuna aliyemfuata kwa panga. Tukimfukuza mama, mbu anabaki. Mvua ijayo mtoto mwingine atashikwa, nanyi mtamtafuta mama mwingine.

Pia nimesikia watu wakiwanyoshea kidole wale wajukuu, eti wamerithi mabawa. Jihadharini. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Na kabla ya sheria ya serikali kuna amri ya Mungu, ile ya kutomshuhudia jirani uongo.

Na wewe uliyesema umeonyeshwa katika ndoto kwamba ni yeye: Kanisa letu linaheshimu ndoto na maono. Lakini ulianza kuota baada ya sinema au kabla? Ndoto huletwa mbele ya wazee, inapimwa kwa Maandiko na kwa matunda yake. Wewe uliipeleka kisimani kwanza. Roho wa Mungu alimshukia Yesu Yordani kwa mfano wa njiwa. Njiwa hararui kwa makucha. Roho anayekutuma kuchoma kibanda cha mjane si yule njiwa.

NENO LA TATU: PAPA SIMON KIMBANGU HAKURUKA

Tukumbuke jinsi Mungu alivyomtendea mjumbe wake. Papa Simon Kimbangu aliposikia sauti ya Bwana ikimwita, mwaka 1918, aliogopa. Alikimbilia Kinshasa kutafuta kazi, kama vijana wetu wanavyokimbilia machimbo na miji mikubwa. Sauti ikamfuata hata kule. Akarudi Nkamba, na tarehe 6 Aprili 1921 akamwekea mama mgonjwa mkono kwa jina la Yesu, mama akapona. Angalieni: kazi ya kwanza ya mtumishi yule ilikuwa kumwinua mama aliyelala, si kumwangusha. Akawaambia watu waache fetishi, na wakaziacha kwa wingi.

Mwezi wa sita mwaka ule askari wa wakoloni walikwenda Nkamba kumkamata, akawaponyoka. Watu walistaajabu. Angeweza kuendelea kujificha katika misitu. Lakini mwezi wa tisa alirudi Nkamba mwenyewe, mbele ya macho ya watu, akajitoa. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa, na mfalme wa Ubelgiji akabadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Elisabethville, na akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipolala tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30, bila mabawa. Mungu aliyemfungulia Petro milango ya gereza hakumfungulia yeye. Lakini alikaa naye ndani. Nyuma yake Mama Marie Muilu alilishika kundi kwa siri, na tarehe 24 Desemba 1959 serikali ikalitambua Kanisa.

Wakumbukeni pia waamini waliohamishwa makwao kwa nguvu katika miaka ile. Wengine walipelekwa kambi ya Lowa, mahali ambapo mto Lowa unaingia katika Lualaba. Maji ya milima yetu yanateremka kwa mto ule, yanapita Walikale, yanakwenda chini mpaka kule. Wazee wale, mbali na Nkamba, waliyanywa maji yaliyotoka kwetu. Walikuwa wageni, hawakuwa na lugha ya mahali, nao waliitwa watu hatari na watu wa uchawi. Tungekuwepo wakati ule, tungewapokea au tungewafukuza? Jibu letu tutalitoa siku ya Mungu ijayo, tutakapomhukumu mama huyu mgeni.

Mwangalieni tena mwimbaji wa Zaburi. Mwisho wa wimbo wake, je, alipata mabawa? Hakupata. Anasema ataomba jioni, asubuhi na adhuhuri, na anatushauri tumtupie Bwana mzigo wetu, naye atatushika. Aliomba kuruka, akapewa nguvu za kusimama. Na nabii Isaya, anapowaahidi wanaomngojea Bwana mabawa kama ya tai, anaanza na kuruka, halafu kukimbia, halafu anamaliza na kutembea bila kuzimia. Zamani nilidhani amepanga kinyume, kwamba kuruka kungekuwa mwisho. Sasa nimeelewa. Mama aliyetoka Masisi kwa miguu na wajukuu wawili bila kuzimia amepewa ahadi ile kwa kipande kilicho kigumu zaidi.

TUFANYE NINI?

Upendo, amri, kazi. Maneno hayo tunayaimba na fanfare mbele. Sasa tuyatende.

Upendo: mama huyu asiguswe. Yeyote atakayemgusa atapita kwanza juu yangu na juu ya mama wa kanisa waliomzunguka usiku ule. Wale vijana watatu wa kwaya siwafukuzi. Waje kwangu mmoja mmoja, kisha waende kwake, wavue viatu mlangoni kama tunavyovua mbele za Mungu, wamwombe radhi. Watakapomaliza wataimba tena.

Amri: mwenye televisheni asionyeshe tena mchezo kabla mzee mmoja wa kanisa hajautazama. Na baada ya mchezo tukae, tuulize: hapa wamesema kweli gani, na wapi wametudanganya? Mtoto asiachwe alale na hofu aliyoitoa kwenye sinema. Nanyi wazazi, msiitumie hofu ile kuwatisha watoto.

Kazi: siku ya Mungu ijayo tutafanya nsinsani, mama upande mmoja, baba upande mwingine, vijana katikati. Fedha itakayopatikana itanunua chandarua kwa kila nyumba yenye mtoto mdogo, tukianza na nyumba ya waliofiwa na kibanda cha mama. Inayobaki iwekwe kwa mshika fedha, iwe ya kumfikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya, hata usiku. Vijana wenye nguvu za kubeba mapanga watakuwa na nguvu za kubeba machela.

Mimi nami nina deni langu. Niliwafundisha mama Zaburi nusu, nikaiacha kwenye mabawa, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilitaka kufika nyumbani. Na Jumamosi nilicheka, wakati nilipaswa kusimama na kusema, "Hii si Zaburi ya Daudi." Nimemwomba yule mama radhi. Aliniuliza kwa sauti yake kubwa kama sasa amekatazwa kuisali ile Zaburi. Nikamwambia hapana. Jana usiku aliisali tena ndani ya nyumba yangu, akamwomba Mungu mabawa ya kufika kwenye kaburi la mume wake. Safari hii alimwombea pia mama aliyefiwa na mtoto.

Tuombe. Ee Mungu wa Abrahamu, Mungu wa Papa Simon Kimbangu, unaona barabara ya kutoka Masisi mpaka Walikale na wote wanaoipita na mizigo. Wapumzishe. Ondoa mapanga mikononi mwetu na hofu mioyoni mwetu. Mpokee mtoto aliyelala, wafariji wazazi wake. Mlinde mjane huyu, na utufundishe kumlinda. Kama hukutupa mabawa, tupe miguu ya kwenda mlangoni kwa jirani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtumishi wenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji wa parokia